Kilichofunikwa turubai Naluwerere: je, tuna haki ya kuambiwa?

Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, maana hapa Naluwerere limetugawa, na mzigo wenyewe umeshaondoka lakini watu bado wanashikana mashati.

Usiku wa kuamkia Jumanne trela moja refu, la chini, lilitoka upande wa Malaba, mpakani na Kenya, likaegesha kwenye uwanja wa magari makubwa, hatua chache kutoka kibanda changu cha pancha. Mbele yake kulikuwa na gari dogo lenye taa za manjano zinazozunguka, nyuma lingine kama hilo, na polisi wawili wenye bunduki. Juu ya trela kulikuwa na kitu kikubwa kuliko nyumba ninayolala, kimefunikwa turubai la kijivu kuanzia juu mpaka chini, kamba zimekazwa mpaka zinalia ukizigusa. Kilikaa hapo siku tatu. Alhamisi usiku kikaondoka kuelekea Iganga, mwendo wa mtu anayetembea, kijana mmoja amesimama juu yake na mti mrefu akiinua nyaya za umeme ili kipite.

Kwa siku zote tatu hakuna aliyetuambia ni nini.

Asiyepajua Naluwerere, hapa ni Bugiri, mashariki mwa Uganda, kwenye barabara kuu itokayo Mombasa kupitia Malaba kwenda Kampala, na mbele zaidi Kigali. Malori ndiyo maisha yetu. Anayepika, anapikia madereva. Anayefua, anafua nguo za madereva. Mimi naziba matairi yao. Tumezoea kuona mizigo, na turubai si kitu kigeni kwetu. Lakini huu ulikuwa na bunduki na kimya, na vitu viwili hivyo vikikaa pamoja katika nchi hii watu hawalali.

Kufika saa nne asubuhi kila mtu alikuwa na jibu lake. Vijana wa boda boda walisema ni kombora, limeshushwa bandarini linapelekwa kambini. Dada anayeuza mahindi ya kuchoma akasema ni mtambo wa kuchapa noti. Mzee mmoja wa msikitini, mtu ninayemheshimu sana, alishikilia kwamba ni kiwiliwili cha ndege kilichokatwa mabawa. Yupo aliyeapa kwamba kitu hicho kilianguka kutoka angani huko kaskazini mwa Kenya, na kwamba usiku alikisikia kikinguruma. Nilipomuuliza kwa nini kingepelekwa Uganda, alinijibu, "Lisemwalo lipo." Basi, hapo mazungumzo yakawa yamekwisha.

Jumatano mchana ikaja ile mbaya. Ikasemwa kwamba ndani mna sumu ya mionzi, na anayepita karibu mara tatu ananyonyoka nywele. Jirani yangu anayekaanga chapati alimwaga ndoo nzima ya unga aliokwisha kuukanda, kwa sababu upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa trela. Nilimwona akiumwaga. Alikuwa analia. Ndoo ile kwake ni mtaji wa siku, na humo humo hutoka karo ya mtoto. Wazazi kadhaa siku hiyo waliwakataza watoto kupita barabarani kwenda shule.

Na mpwa wangu, kijana wa miaka 16, alipiga picha kwa simu yake. Mmoja wa wasindikizaji, aliyevaa kiraia, akamnyang'anya simu, akafuta picha zote, si ile moja tu. Humo zilikuwemo picha za mwisho za bibi yake, yaani mama yangu, tuliyemzika mwaka jana. Kijana alirudi nyumbani hakusema neno mpaka jioni. Hiyo ndiyo sababu naandika.

Sasa nieleze nilichokiona mimi, halafu kila mtu aseme lake.

Mimi ni fundi wa matairi, miaka 19 sasa. Wenzangu walikuwa wanakodolea macho turubai, mimi nikaangalia chini. Nilihesabu ekseli 12, yaani safu 12 za magurudumu, kila moja ina matairi manane kwa upana wake. Hayo ni matairi 96. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inataka lori la kawaida, pamoja na mzigo wake, lisizidi tani 56 na ekseli saba. Kuzidi hapo ni mpaka upate kibali maalum na gari la kusindikiza. Hakuna mfanyabiashara anayekodi matairi 96 kubeba kitu chepesi. Ndege ina ganda la bati jepesi, ndani tupu. Kiwiliwili chake kingekuwa kirefu, lakini kisingehitaji ekseli 12. Mtambo wa noti ungekuja vipande vipande ndani ya makontena. Hiki kilikuwa kifupi, kipana, kizito kupita kiasi, na uzito wake wote umekaa katikati. Tairi la ekseli ya sita lilikuwa limebonyea kuliko la kwanza. Nililishika kwa mkono.

Halafu kuna geji.

Kila asubuhi na kila jioni kijana mmoja mwembamba, mwenye kofia ya plastiki na daftari, alikuwa analegeza kamba moja ya kona ya nyuma, anainua turubai kiasi cha kuingiza kichwa, anaangalia kitu, anaandika, anafunga tena. Jumatano jioni nilikuwa nimelala chini ya lori la jirani nafungua nati, nikawa naona kona ile vizuri. Chini ya turubai kulikuwa na chuma kilichopakwa rangi ya kijivu, na juu ya chuma hicho geji ndogo ya mviringo yenye kioo, kama ile ninayotumia kupima upepo, na kibomba chembamba cha shaba kinaingia ndani. Pembeni yake kisanduku kidogo kimefungwa kwa skrubu nne, kina taa ndogo inayopepesa. Kijana alisoma geji, akaandika, akapuliza vumbi kwenye kioo, akafunga.

Nilimwelezea mzee jirani yangu, ambaye ujana wake aliufanyia kazi Jinja kwenye bwawa, enzi lilipokuwa bado linaitwa Owen Falls. Hakuniachia nimalize. Akasema, "Mwanangu, hiyo ni transfoma. Hiyo geji ni pumzi yake." Akanieleza kwamba transfoma, yaani mashine ya kupandisha na kushusha nguvu ya umeme, ikiwa kubwa haisafirishwi na mafuta yake. Mafuta huondolewa ili uzito upungue, na tumbo lake hujazwa gesi kavu ya naitrojeni. Ndani mna karatasi nyingi zilizozungushiwa nyaya za shaba, na karatasi hizo zikinywa unyevu, kitu chote kimeharibika kabla hakijawashwa. Ndiyo maana geji husomwa kila siku. Ikishuka, ina maana pumzi inatoka na unyevu unaingia. Na kile kisanduku chenye taa hurekodi mitikisiko ya njiani, ili mnunuzi ajue kama dereva alipita kwenye mashimo kwa pupa. Kwa barabara zetu, nilimwambia, kisanduku hicho kimejaa.

Mimi naamini mzee yuko sahihi. Nchi hii imejenga mabwawa: Bujagali megawati 250 mwaka 2012, Isimba 183 mwaka 2019, Karuma 600 iliyozinduliwa 2024. Umeme huo hauendi popote bila vituo vya kuupandisha na kuushusha nguvu, na mashine hizo hazitengenezwi hapa. Zinashuka Mombasa na kupita mbele ya vibanda vyetu.

Sasa fikirini. Kama mtu mmoja tu angesimama Jumanne asubuhi akasema, "Wananchi, hii ni transfoma, inakwenda kituo fulani, msiiguse, tutaondoka Alhamisi," watu wangepiga vigelegele. Naluwerere umeme unakatika jioni wakati wa kukaanga. Tungekwenda kupiga picha na watoto. Kitu cha kujivunia tuligeuziwa kuwa kitu cha kutuogofya, na aliyekigeuza si yule aliyesema kombora, wala yule wa mionzi. Wao walijaza tundu walilolikuta wazi.

Nimewasikia wanaonipinga, na wengine wana hoja nzito.

Mstaafu mmoja wa jeshi, mtu wa hapa hapa, aliniambia mbele za watu: "Fundi, usalama wa nchi hautangazwi kwa wauza chapati." Akanikumbusha Julai 2010, mabomu yale ya Kampala watu walipokuwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia, tukazika zaidi ya 70. Akauliza, ukiandika ubavuni kwamba hapa pana silaha, umemsaidia nani? Sina ubishi naye hapo. Hata Katiba yetu ya 1995, ibara ya 41, inayompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, imeweka mpaka huo huo: isipokuwa pale ambapo kuzitoa kunaweza kudhuru usalama au mamlaka ya nchi, au faragha ya mtu mwingine. Silaha zifunikwe. Zipite usiku. Nitawasha taa ya kibanda changu wapite salama.

Lakini trela lile lilikuwa na namba za kiraia. Lilikuwa na sili ya forodha, niliiona. Dereva ni Mkenya, tumekunywa naye chai. Nilipomuuliza amebeba nini alinijibu, "Fundi, mimi nimebeba karatasi. Imeandikwa vipuri vya mitambo." Hata yeye hakujua, au aliambiwa asijue. Mzigo wa jeshi haubebwi hivyo. Na ukifunika mashine ya umeme kwa kimya kile kile unachofunikia silaha, umewafundisha watu kwamba kila turubai lina silaha. Sidhani kama hilo linalinda nchi.

Tena hata wakubwa wa siri husema. Desemba 2011 huko Kansas, Marekani, watu wa kaunti ya Cowley waliona lori likipita na kitu cha mviringo kimefunikwa, upana wake kama mita 10, mpaka alama za barabarani zikaondolewa ili kipite. Wakasema ni chombo cha viumbe wa angani, picha zikasambaa. Haukupita muda, sherifu wa kaunti ile akawaambia wazi: ni X-47B, ndege ya kivita isiyo na rubani iliyotengenezwa na Northrop Grumman, inatoka California kwenda Maryland kufanyiwa majaribio na jeshi la majini. Ndege ya kivita ya majaribio, na aliyesema ni mkuu wa usalama wa eneo lenyewe! Dunia haikuanguka. Julai 2013 ndege hiyo ikatua yenyewe juu ya meli ya kubebea ndege. Sisi tulifichwa kitu cha kuwashia taa.

Hoja ya pili ni ya wezi. Kijana mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme alisema ukiandika transfoma, umewaita wezi wa shaba na mafuta. Ni kweli wizi upo. Nguzo zimeangushwa vyuma vikauzwa, transfoma za vijijini zimekamuliwa mafuta. Lakini hii ilikuwa imeondolewa mafuta, na shaba yake imefungiwa ndani ya chuma kinachohitaji kreni kufunguliwa, na ina polisi wawili. Wezi wa kazi hiyo hawangoji maandishi, wana watu wao huko huko kwenye karatasi. Asiyejua kitu ni mama wa chapati peke yake.

Hoja ya tatu ilinichukiza, nayo niliisikia kwa watu wengi zaidi: "Inakuhusu nini? Mzigo si wako." Jamani, barabara ni yetu. Daraja litakalobeba tani zile ni letu. Mwaka 2024 daraja la Karuma, la mwaka 1963, lilifungiwa malori makubwa kwanza, halafu likafungwa kabisa litengenezwe, na watu wa kaskazini wanajua walivyozunguka. Anayepitisha mzigo mzito kwenye daraja la umma hawezi kusema haumhusu anayelala kando yake.

Na kuna jambo zito kuliko madaraja. Juni 2013 pale Namungoona, Kampala, lori la petroli lilipata ajali, watu wakakimbilia kukinga mafuta, wengi wao vijana wa boda boda. Likalipuka. Walikufa zaidi ya 30. Oktoba 2024 tena, Kigoogwa kwenye barabara ya Bombo, hadithi ile ile. Hao walijua ni petroli, utasema. Ndiyo. Lakini walijua ni mafuta, hawakujua ni kifo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafundisha kusoma ubavu wa lori. Ule ubao wa rangi ya chungwa wenye namba una maana: 1203 ni petroli, nchi yoyote duniani. Alama ya pembe nne iliyosimama kwa kona moja, yenye moto, ni kitu kinachowaka. Yenye fuvu ni sumu. Dereva mwenye uzoefu anazijua. Mtoto wa Naluwerere anayeishi mita tano kutoka kwenye magurudumu hazijui, na turubai likishushwa mpaka chini hata anayezijua hazioni. Siku trela lililofunikwa hivi litakapopinduka, tutakimbilia au tutakimbia? Tutaamua kwa kukisia, kama tulivyokisia wiki hii.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Mzigo wowote usio wa kawaida, ukipewa kibali, ubandike ubao juu ya turubai lenyewe, si chini yake. Mistari mitatu. Ni nini. Unatoka wapi kwenda wapi. Namba ya simu ya kupiga kukitokea ajali. Kwa Kiswahili na Kiingereza, herufi za kusomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Hakuna kazi mpya hapo, kwa sababu anayeomba kibali tayari ameandika mzigo ni nini, uzito wake na njia utakayopita. Habari ipo, imekaa kwenye faili. Kama ni mzigo wa jeshi, acheni jina, wekeni alama ya hatari tu tujue tukae mbali kiasi gani.

Mtu aliniambia tutumie sheria ya 2005 ya kupata habari. Nimeambiwa ofisi ina siku 21 za kukujibu. Trela lilikaa siku tatu.

Niseme na hili la lugha, limenikaa moyoni. Wazee wetu waliogopa Kiswahili kwa sababu walikisikia kwa askari, kikitumika kuamrisha na kunyang'anya. Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kiwe lugha ya wote. Nilifurahi, maana mimi ndiyo lugha yangu ya kazi, na mpwa wangu anaipenda. Lakini kwa siku tatu nzima, Kiswahili pekee alichosikia kijana yule kutoka kwa watu wenye mzigo kilikuwa neno moja: "Ondoka." Lugha iliyotosha kumfukuza ingetosha kumwambia "hii ni transfoma". Ni maneno matatu.

Basi nauliza, nanyi mjibu bila matusi. Je, mzigo wa kiraia unaopita kwa ulinzi wa polisi katikati ya makazi uandikwe nje ulivyo, ndiyo au hapana? Na kama hapana, nani ambebee yule jirani yangu gharama ya ndoo ya unga?

Nawaomba pia walio njiani. Lazima mzigo ulipita mizani ya kupimia malori ya Magamaga usiku wa Alhamisi au Ijumaa alfajiri. Na kule Jinja, aliyeuona ukivuka Nile atuambie kama ulipita daraja jipya. Kama uliona geji, sema. Kama uliona kitu kingine kinachovunja maneno ya mzee wangu, sema pia, sitakasirika.

Na kama yule kijana wa daftari atasoma haya: mpwa wangu anataka kusomea umeme. Alikuwa anapiga picha ile geji.